Peptidi: mali iliyo maabara na mali iliyo dukani

Neno "peptidi" limekuwa neno la bei. Mwaka 2023 kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark ilipanda hadi ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote katika masoko ya hisa ya Ulaya, ikiipita LVMH ya Ufaransa, wauzaji wa mikoba na mvinyo wa matajiri. Kilichoipandisha ni peptidi moja ya kutengenezwa, semaglutidi, ambayo wagonjwa wanaijua kwa majina ya Ozempic na Wegovy. Hisa hizo zilikuja kushuka sana baadaye, lakini njaa ya wawekezaji haikwisha. Kampuni changa isiyo na bidhaa hata moja inaweza kutoa taarifa ya kurasa mbili kwamba peptidi yake "inaathiri mawasiliano ya seli", na bei ya hisa yake ikaruka kabla ya saa sita mchana.

Kwa mfanyabiashara wa Kirando anayehesabu magunia ya dagaa na migebuka, hayo huonekana mambo ya mbali. Si ya mbali kiasi hicho. Simu ya mkononi imemfikishia hata aliye mwaloni matangazo ya hisa za ng'ambo, na ya unga wa peptidi unaouzwa kwa dola. Mwenye duka la dawa anaulizwa na wateja. Tena, mojawapo ya peptidi ambazo safari yake inamfundisha mwekezaji mengi haikuanzia Ulaya. Ilianzia Kongo, nchi ile ile ambayo milima yake huonekana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kukiwa hakuna ukungu.

Swali la mwenye fedha ni moja: taarifa ya namna hiyo inapotoka, mkononi mwake kuna mali gani hasa?

KARABAI NA DAGAA

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, zile punje zinazojenga protini. Insulini ina punje 51. Oksitosini, homoni inayokaza mfuko wa uzazi wakati wa kujifungua, ina 9 tu. Ilikuwa ndiyo homoni ya kwanza ya aina hii kuundwa na binadamu: Vincent du Vigneaud wa Marekani aliiunganisha punje kwa punje mwaka 1953, akapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1955.

Peptidi za aina hii, kwa kawaida, haziingii ndani ya seli. Mvuvi wa usiku ataelewa upesi. Taa ya karabai haimwingii dagaa; dagaa huiona kwa jicho lake, naye akasogea. Seli nayo ina macho ya namna yake juu ya ngozi yake, yaitwayo vipokezi. Oksitosini inapotua juu ya kipokezi chake, kipokezi hujipinda, na ndani ya seli habari hupokezwa kutoka mkono hadi mkono mpaka madini ya kalsiamu yanafunguliwa. Kalsiamu ikishafunguliwa, msuli unakaza. Mlolongo huo wote ndio wataalamu wanauita mawasiliano ya seli.

Peptidi ya kutengenezwa ni taa nyingine inayowashwa juu ya maji yale yale. Inaweza kumvuta dagaa kama karabai inavyomvuta, au zaidi. Inaweza pia kufanya kinyume, ikaliziba jicho ili taa halisi isionekane. Kazi ya utafiti wa awali, yaani ule unaofanywa kabla dawa haijamgusa binadamu, ni kujua ni jicho gani linaloguswa, habari inafika wapi ndani, na ni kiasi gani cha peptidi kinachohitajika.

Hicho kiasi ndicho kinachorukwa katika taarifa nyingi, na ndicho mwekezaji angepaswa kukitafuta kwanza. Katika bakuli la maabara mtu anaweza kumwaga peptidi atakavyo na seli haina pa kukimbilia. Katika mwili wa mtu kuna ini, kuna figo, kuna vimeng'enya vinavyokatakata minyororo hiyo. Oksitosini yenyewe, dawa iliyozoeleka kabisa, hupungua kwa nusu katika damu ndani ya dakika chache.

CHUNGU CHA KASAI

Katika miaka ya 1960 daktari kutoka Norway, Lorents Gran, alikuwa Kongo na ujumbe wa Msalaba Mwekundu, katika mji ulioitwa Luluabourg na ambao leo ni Kananga, katika eneo la Kasai, mamia ya kilomita magharibi ya ziwa. Aliona akina mama wanaojifungua wakinywa maji yaliyochemshiwa majani waliyoyaita kalata-kalata, ili uchungu uende haraka. Mmea huo kitaalamu ni Oldenlandia affinis, wa ukoo mmoja na mbuni, mti wa kahawa.

Gran aliuchukua, akatafuta ndani yake kitu kinachokaza mfuko wa uzazi, na katika maandishi yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaeleza peptidi aliyoipa jina la kalata B1. Lililowashangaza waliokuja baadaye ni chungu chenyewe. Peptidi nyingi ukizichemsha au ukizimeza zinaharibika. Ndiyo sababu insulini hudungwa. Hii ilichemshwa ikanywewa, na bado ilifanya kazi.

Jibu lilichukua zaidi ya miaka 20. Mwaka 1995 timu iliyokuwa na David Craik wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ilieleza umbo lake: asidi amino 29 zilizofungwa kichwa kwa mkia kama pete, na ndani ya pete vifungo vitatu vya salfa vilivyopitana kama fundo la wavu. Kimeng'enya kinachotafuna mnyororo kuanzia ncha kinakuta hakuna ncha. Mwaka 1999 ukoo mzima wa peptidi za aina hiyo ulipewa jina la saiklotidi, na wakati huo huo maabara zilikuwa zimeanza kuziunda zenyewe bila kuhitaji jani.

Kwa lugha ya biashara, hapo ndipo mali ilipobadilika. Kabla ya hapo kulikuwa na mmea wa porini na ujuzi wa akina mama. Baada ya hapo kulikuwa na mchoro ambao mtu yeyote mwenye mashine angeweza kuunakili, kuubadilisha punje moja, na kuuombea hataza. Akina mama wa Kasai walikwishatoa habari yao miaka mingi kabla ya Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inayozungumzia mgawo wa faida zitokanazo na mimea na ujuzi wa wenyeji, kuanza kutumika Oktoba 2014. Jambo hilo haliingii katika hesabu za mwekezaji, lakini anayenunua hisa afahamu kwamba thamani anayoilipia ilianzia mahali fulani.

MATOKEO YENYEWE

Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Christian Gruber wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Vienna, Austria, walichapisha jibu la swali la Gran. Peptidi ndugu, kalata B7, ilizifanya seli za msuli wa mfuko wa uzazi wa binadamu zikaze, na macho iliyoyagusa yalikuwa kipokezi cha oksitosini na kimoja cha vipokezi vya homoni ya vasopresini. Wakaenda mbele. Walichukua kipande cha umbo hilo, wakaunda peptidi mpya ya punje 9 inayofanana na oksitosini, nayo ikashika kipokezi kwa kiasi kidogo sana na kukaza vipande vya msuli wa uzazi.

Huo ni utafiti wa awali uliofanywa vizuri. Kipokezi kimetajwa, kiasi kimepimwa, na athari imeonekana katika msuli wenyewe, si katika seli peke yake. Hata hivyo, haukuwa dawa.

Njia ya pili ya kalata ndiyo iliyogusa soko la hisa. Kundi hilo la Vienna pamoja na wenzao wa Freiburg, Ujerumani, lilikuta kwamba saiklotidi zinapunguza kuzaliana kwa chembe nyeupe za damu za aina ya T. Zinafanya hivyo kwa kugusa interlukini-2, ujumbe ambao chembe hizo hupelekeana ili ziongezeke. Watafiti walibadilisha punje ya 20 ya kalata B1, wakaondoa threonini na kuweka lisini, wakapata peptidi waliyoiita T20K. Badiliko jingine, katika punje ya 10, liliizima kabisa peptidi. Kwa msomaji wa taarifa hicho ni kipimo kizuri: kama kubadilisha punje moja kunazima athari, basi athari haikutokana na uchafu ndani ya chupa wala na sumu ya kuua seli ovyo.

Mwaka 2016 walitangaza kwamba panya waliopewa T20K kwa mdomo walipungukiwa na makali ya ugonjwa unaofanana na ule wa binadamu ambapo askari wa mwili hushambulia ganda la mishipa ya fahamu. Mwaka huo huo kampuni ndogo ya Sweden, Cyxone, iliyobeba peptidi hiyo, iliingiza hisa zake katika soko la Nasdaq First North, soko la kampuni changa. T20K ilifika katika jaribio la kwanza kwa watu wenye afya, ambalo kazi yake ni kupima usalama. Jaribio la namna hiyo halipimi kama mgonjwa anapona. Peptidi hiyo haijapata idhini ya kuuzwa kama dawa mahali popote.

Kwa hiyo kutoka chungu cha Kasai hadi leo imepita zaidi ya nusu karne, na hakuna kisanduku cha kalata katika rafu. Si kwamba kuna aliyedanganya. Ndivyo kazi hii ilivyo. Kati ya dawa kumi zinazoingia katika majaribio kwa binadamu, takriban moja ndiyo hufika sokoni, na zile zinazofia kwenye bakuli na kwa panya hazihesabiwi kabisa katika kumi hizo. Hata zilizofaulu zilichelewa. Peptidi iliyokutwa katika mate ya mjusi wa jangwa la Marekani na kuelezwa na John Eng mwaka 1992 ilipata idhini kama dawa ya kisukari, kwa jina la eksenatidi, mwaka 2005. Miaka 13, na hiyo ni hadithi ya ushindi.

IDETE, 1994

Tanzania ina kumbukumbu yake ya peptidi, ingawa ile ilikuwa chanjo na ilikwishavuka hatua ya awali. SPf66 iliundwa maabara na Manuel Patarroyo wa Colombia kutokana na vipande vya protini za vimelea vya malaria. Kwa nyani wa Amazon matokeo yaliamsha matumaini makubwa. Ilijaribiwa Idete, karibu na Ifakara, kwa watoto 586 wa umri wa mwaka 1 hadi 5, na Oktoba 1994 ilitangazwa kwamba ilipunguza malaria kwa asilimia 31. Magazeti ya dunia yalishangilia.

Waliosoma jedwali waliona kwamba asilimia 31 hiyo ilikuwa na upana wa mashaka kuanzia sifuri hadi 52. Mwaka uliofuata Gambia ilipata asilimia 8, kiasi kisichotofautiana na bahati nasibu. Mwaka 1996 Thailand ilipata chini ya sifuri. Watoto wachanga wa Tanzania walipopimwa, matokeo yaliyotolewa mwaka 1999 yalikuwa asilimia 2. SPf66 ikaishia hapo.

Mwekezaji aangalie kwamba anguko hilo lilikuja baada ya majaribio kwa mamia ya watoto, katika utafiti ulioendeshwa kwa uangalifu. Taarifa ya seli katika bakuli iko nyuma zaidi ya hapo katika foleni. Ni dagaa aliyeonekana chini ya taa: hajaingia wavuni, hajaanikwa, na mvua inaweza kunyesha juu ya mchanga.

UNGA WA CHUPA NDOGO

Wapo wasiosubiri foleni. Peptidi iitwayo BPC-157, ya punje 15, inauzwa ng'ambo na kwa njia ya mtandao katika vichupa vya unga vyenye maandishi kwamba ni vya utafiti tu, huku wauzaji wakinong'ona kwamba inaponya kano, tumbo na majeraha. Sehemu kubwa ya ushahidi wake ni ya wanyama na seli. Tangu mwaka 2022 Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa Michezoni limeitaja katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiweka katika kundi la vitu vinavyoweza kuleta hatari wakati maduka yanapochanganya dawa.

Kwa mwenye duka hesabu ni fupi. Dawa inayouzwa Tanzania inatakiwa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyochukua jina hilo mwaka 2019 kutoka TFDA. Kichupa kilichoandikwa "cha utafiti tu" kimejitoa chenyewe katika daftari hilo. Aliyeweka mtaji hapo hana risiti ya kumwonyesha mkaguzi, na mteja akidhurika, kiwanda kitaonyesha maandishi yake juu ya kichupa.

Anayependa hisa naye yuko pagumu. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998, hakuna kampuni inayobuni peptidi. Anayezitaka lazima aende ng'ambo kupitia mawakala, na huko kampuni ya namna hii hula fedha za wenye hisa mwaka hadi mwaka bila kuuza kitu. Fedha zikikaribia kwisha huuza hisa mpya, na fungu la mwenye hisa wa zamani hupungua hata kama utafiti unaendelea vizuri. Taarifa ya "matumaini katika seli" mara nyingine hutoka wiki chache kabla ya mauzo hayo. Tarehe hizo mbili ziwekwe pamoja kabla ya kununua.

ILIYOFIKA

Wakati macho ya soko yakiwa juu ya peptidi mpya, peptidi kuukuu ndiyo iliyofanya kazi inayohusu mwambao wa Rukwa.

Oksitosini hudungwa kwa mama baada ya kujifungua ili asipoteze damu nyingi, na inatakiwa kutunzwa katika nyuzi 2 hadi 8. Kutoka Sumbawanga, ambako asubuhi ya Juni mtu huvaa koti, kupitia Namanyere hadi Kirando ni kuteremka karibu mita 1,000. Joto la ziwani si la Ufipa juu. Umeme ukikatika au friji ikigoma, kichupa hubaki na rangi ile ile na nguvu ikapungua ndani. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali zenye kipato kidogo umekuta oksitosini nyingi yenye nguvu pungufu.

Kabetosini ni oksitosini iliyobadilishwa kidogo. Inagusa kipokezi kile kile, lakini inakaa katika damu muda mrefu zaidi. Ilikuwa inatumika Canada tangu miaka ya 1990 kwa akina mama wanaopasuliwa. Kampuni ya Ferring iliitengeneza upya ili ivumilie joto, na ikakubaliana na Shirika la Afya Duniani na mpango wa MSD for Mothers kuipima. Jaribio lilihusisha karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo, na matokeo yakatoka mwaka 2018. Waliopoteza nusu lita ya damu au zaidi, au waliohitaji dawa ya ziada, walikuwa asilimia 14.5 kwa kabetosini na 14.4 kwa oksitosini. Kwa wale waliopoteza lita nzima tofauti ilikuwa ndogo, 1.51 dhidi ya 1.45, ila idadi yao ilikuwa chache mno kuweza kuthibitisha usawa, na watafiti walilisema hilo wazi. Kichupa chake kinavumilia nyuzi 30 kwa miaka mitatu.

Ferring iliahidi bei nafuu kwa hospitali za umma za nchi maskini. Mwagizaji wa dawa anayefikiria mwambao wa ziwa ana mambo matatu ya kupiga hesabu: bei hiyo ya kichupa, bei ya kuendesha friji kwa mwezi, na idadi ya vichupa vya oksitosini vinavyotupwa au, vibaya zaidi, visivyotupwa. Hesabu hiyo haihitaji kujua hisa ya nani imepanda leo.